Kujua Umri wa Bangili ya Urithi, Kipambo kwa Kipambo

Nyanya yangu wa Mumias alivaa bangili moja ya fedha maisha yake yote. Ilikuwa na vipambo saba vya kuning'inia, na alipokuwa jikoni ulimsikia kabla hujamwona. Alipofariki, bangili ilinifikia hapa Kisumu ikiwa imefungwa katika kipande cha leso, pamoja na hadithi yake: kwamba ilikuja Mumias na misafara ya watu wa pwani, enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901.

Nimeichunguza karibu mwaka mzima. Kama na wewe umeachiwa bangili, mkufu au kidani chenye vipambo, jua mapema kwamba kitu cha namna hii hakina umri mmoja. Mnyororo una miaka yake, kifungo kina yake, kila kipambo kina yake, na siku vilipounganishwa ni habari nyingine kabisa. Swali la "ni ya mwaka gani?" halina jibu. Swali lenye jibu ni "kipi kilitangulia, kipi kilifuata, na cha mwisho kilitiwa lini?"

Kwanza, usiisafishe

Nalisema hili mbele ya yote kwa sababu mimi nililikosea. Wiki ya pili baada ya matanga nilimpelekea sonara mmoja aing'arishe. Aliishika kwenye gurudumu la mota kwa dakika chache, ikarudi inameta kama mpya. Kifungo chake, kufuli dogo lenye umbo la moyo, kilikuwa na chapa nne mgongoni. Niliporudi nayo nyumbani zilisomeka tatu. Ya nne ilikuwa herufi ya mwaka, yaani herufi inayoonyesha mwaka kitu kilipopimwa, na mahali pake sasa pana ulaini tu, kama jiwe la mtoni. Binamu yangu alikuwa amepiga picha ya mkono wa nyanya kwa simu, lakini kufuli lilielekea upande wa pili. Herufi ile sitaipata tena.

Basi usiguse dawa ya fedha, majivu, dawa ya meno wala limau. Weusi uliojaa kwenye mikunjo uache; ndio unaokusaidia kuona michoro na maandishi. Usibadilishe pete iliyochakaa, usimruhusu mtu alehemu chochote. Kama bangili inakaribia kukatika, iweke kwenye kisahani, usiivae.

Ichore kwenye karatasi

Ilaze juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, asubuhi, jua lisipoipiga moja kwa moja. Chora mnyororo, kisha anza kwenye kifungo na upe kila kipambo namba. Piga picha mbele na nyuma ya kila kimoja. Hatua hii ni fupi na inachosha, lakini bila namba utajikuta mwezi wa tatu ukisema "kile kidogo" na hujui ni kipi.

Vya nyanya vilikuwa hivi: hirizi ya fedha, robo rupia, ndururu mbili (sarafu za senti tano) zenye tundu, birika dogo la chai ambalo kifuniko chake hufunguka, kiatu, na samaki ambaye mwili wake umeungwa vipande vipande hata anacheza ukimtikisa.

Waulize wazee, na uulize vizuri

Ukimuuliza mzee "hii ilinunuliwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Watu hukumbuka matukio. Huku kwetu kuna vigingi vizuri vya kufungia kumbukumbu: rupia ilipoondolewa ikaja shilingi, 1920 hadi 1921, watu kumiminika Kakamega kutafuta dhahabu kuanzia 1931, vijana wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kwenda Uhabeshi 1941 na Burma 1944, mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilizofanya ziwa lipande, Uhuru, Desemba 1963.

Nilimwendea mdogo wake nyanya, nikamwamkia, tukanywa chai kwanza. Nikamuuliza: "Nyanya, ziwa lilipopanda, dada yako alikuwa na huyu samaki?" Akaishika bangili akaizungusha polepole. "Samaki hapana, mjukuu wangu. Samaki aliletwa na babu yako alipopata kazi bandarini, na maji yalikuwa yamekwisha panda. Birika lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifungua na kulifunga mpaka ananifukuza."

Kwa maneno hayo machache nilipata mpangilio ambao hakuna chapa ingenipa: birika lilitangulia, samaki alifuata baada ya 1961.

Tafuta na picha. Za arusi ni bora kwa sababu mikono huonekana, na nyuma yake mara nyingi pana tarehe kwa kalamu. Ila picha huthibitisha kilichopo tu. Katika picha ya 1958 niliona hirizi, robo rupia na ndururu moja. Vingine vilifichwa na mkono wenyewe, kwa hiyo siwezi kusema havikuwepo.

Mnyororo na kifungo

Tazama ukubwa wa viungo. Kama vyote vinalingana, huenda mnyororo ulitengenezwa kuwa bangili tangu mwanzo. Kama vinapungua polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, una kitu cha kuvutia mkononi: huo ulikuwa mnyororo wa saa ya mfukoni. Waingereza walitengeneza minyororo hiyo mipana katikati na myembamba kwenye ncha, na mara nyingi walipiga chapa kwenye kila kiungo. Saa ya mkononi ilipoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, minyororo mingi ilibaki bila kazi, ikakatwa kuwa bangili za wanawake.

Wa nyanya uko hivyo. Kiungo cha kwanza ni kipana kama punje ya hindi, cha mwisho kama punje ya wimbi, na kila kimoja kina simba mdogo wa kuonekana kwa lenzi tu. Mwanamume fulani aliubeba kifuani kabla haujafika mkononi mwa nyanya. Hilo lilinigusa kuliko mwaka wowote.

Kifungo kikuongoze kwa tahadhari, maana ndicho hubadilishwa mara nyingi zaidi. Kufuli la moyo pamoja na kamnyororo kembamba ka usalama ni mtindo wa Kiingereza ulioanza enzi za Malkia Victoria ukaendelea kwa miongo mingi katika karne ya 20. Pete ya mviringo yenye springi ndani ilienea mwanzoni mwa karne hiyo. Kile kifungo chenye umbo la gando la kamba, unachokiona kwenye mikufu ya madukani leo, kilienea kuanzia miaka ya 1970. Ukikikuta kwenye mnyororo wa zamani, kimekuambia tarehe ya ukarabati, si ya kuzaliwa.

Chapa

Hapa ndipo penye uhakika mkubwa kuliko pote, kwa hiyo usiwe na haraka. Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Ishike karibu na jicho, kisha ulete kipambo karibu na lenzi mpaka kionekane wazi. Chunguza mgongo wa kufuli, kiungo kwa kiungo, ukingo wa kipambo, na ile pete ndogo inayokishikilia.

Chapa kamili ya Uingereza ina sehemu kadhaa. Ya kwanza ni herufi za fundi au mwenye mali. Ya pili ni ubora wa madini: simba anayetembea kwa fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha halisi kwa kila elfu), au namba kwa dhahabu, .375 kwa karati 9 na .750 kwa karati 18. Ya tatu ni mji ilipopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, ngome ni Edinburgh, taji ni Sheffield mpaka 1974 kisha waridi, na miganda mitatu ya ngano yenye upanga ni Chester, iliyofungwa 1962. Ya nne ni herufi ya mwaka.

Usianze na herufi ya mwaka. Anza na mji, kwa sababu kabla ya 1975 kila mji ulikuwa na mzunguko wake wa herufi. Tena herufi hiyohiyo hurudi: A kubwa ya Birmingham ilipigwa 1925, ikapigwa tena 1950. Kinachozitofautisha ni mtindo wa mwandiko na umbo la ngao iliyoizunguka, kwa hiyo chora vyote viwili kama unavyoviona ndipo ulinganishe na jedwali la mji huo. Majedwali haya yapo bure kwenye mtandao. Kumbuka pia kwamba Birmingham ilibadilisha herufi mwezi Julai, kwa hiyo herufi moja hugusa miaka miwili. Tangu 1999 herufi ya mwaka si lazima.

Hata herufi ikipotea kama yangu, kilichobaki husema. Kuanzia 1784 mpaka 1890 fedha iliyolipiwa ushuru ilipigwa pia kichwa cha mfalme au malkia. Kufuli la nyanya lina nanga, simba na herufi za fundi, na hata kabla ya kung'arishwa chapa zilikuwa nne tu, bila kichwa. Kwa hiyo nalihesabu kuwa la baada ya 1890. Kwa dhahabu kuna alama nyingine nzuri: karati 15, inayoandikwa 15 na .625, na karati 12 zilifutwa Uingereza mwaka 1932, nafasi yake ikachukuliwa na karati 14. Ukiona .625, umepata kikomo cha juu bila kutafuta herufi yoyote.

Neno "STERLING" peke yake, bila simba wala mji, mara nyingi ni kazi ya Marekani. Birika la nyanya lina hilo. "EPNS" maana yake si fedha bali ni madini mengine yaliyopakwa fedha. Kichwa kidogo cha tai ni dhahabu ya Ufaransa ya karati 18, chapa iliyoanza 1838.

Na kama hakuna chapa kabisa? Usikate tamaa, wala usikubali mtu akuambie ni bandia. Masonara wa Kihindi na wa pwani walifanya kazi safi bila kupiga chapa yoyote, mara nyingi kwa kuyeyusha sarafu za fedha. Hata Uingereza, kwa sheria iliyoanza 1975, fedha isiyofika gramu 7.78 hailazimiki kupigwa chapa, na vipambo vingi ni vyepesi kuliko hapo.

Sarafu

Sarafu ni zawadi kwa mchunguzi, maana imebeba tarehe yake. Kanuni ni moja: mwaka ulioandikwa ni sakafu. Kipambo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, lakini kinaweza kuwa cha baada yake kwa miaka mingi sana.

Robo rupia ya nyanya imesagika hata tarakimu mbili za mwisho za mwaka zimekwisha. Lakini jina linasomeka: "VICTORIA EMPRESS". Rupia za India za Malkia Victoria ziliandikwa "QUEEN" mpaka 1876, na "EMPRESS" kuanzia 1877 hadi alipofariki 1901. Basi hata bila mwaka nina miaka 24 ya kuchezea. Halafu tazama kusagika kwenyewe. Uso umelika pande zote mbili sawasawa, hata mahali panapofunikwa na kijicho kilicholehemewa juu. Maana yake ilipita mikononi mwa watu sokoni miaka mingi kabla ya kufanywa pambo. Ingekuwa imelikia mkononi mwa nyanya, upande unaogusa ngozi ungetofautiana na ule wa nje.

Ndururu za Afrika Mashariki ni rahisi kuvaa kwa sababu zina tundu tayari, lakini usizidharau. Maandishi yake yanagawa miaka vizuri. Zenye maneno "EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES" ni za kabla ya shilingi. Zenye "GEORGIVS V" huishia 1936. Mwaka huohuo zipo za "EDWARDVS VIII", mfalme aliyeacha kiti kabla ya mwaka kwisha, na ukiipata itunze. "GEORGIVS VI" zinafuata; za mwisho wa utawala wake, baada ya India kupata uhuru, hazina tena maneno "IND. IMP.", yaani mtawala wa India. Kisha Malkia Elizabeth, na mwaka 1964 zikatoka zisizo na jina la malkia. Sarafu za Kenya yenyewe, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, zilianza 1966, na hazina tundu.

Za nyanya ni za 1925 na 1956. Hii ya pili ndiyo iliyoivunja hadithi ya misafara, angalau kwa bangili nzima.

Kuna mtego mmoja lazima niutaje. Shangazi yangu ana kidani chenye riale kubwa ya fedha iliyoandikwa 1780, na familia yake huapa kwamba kidani ni cha mwaka huo. Hiyo ni riale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe ileile kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi na Arabuni hawakutaka nyingine. Ina gramu 28 na kitu. Mumewe shangazi alikuwa na baba aliyepigana Uhabeshi 1941 akiwa KAR, na mimi nadhani ilirudi ndani ya mkoba wake. Nilimweleza shangazi kwa upole. Alinyamaza, halafu akasema basi angalau anajua ni nani aliyeileta.

Hirizi

Kama kipambo ni kijisanduku au kibomba cha fedha kilichozibwa pande mbili, huenda ndani mna karatasi yenye aya. Usikifungue kwa udadisi. Uliza wakubwa wa familia, na kama lazima, mwite anayejua. Mimi sikuifungua.

Nje pekee panatosha. Pinda mwanga wa tochi uupitishe ubavuni. Kazi ya mkono ina mistari isiyolingana kabisa, nukta zilizopigwa moja moja, na mshono wa lehemu unaoonekana. Kazi ya mashine ina maua yanayofanana kila tundu na kila pembe, na mgongo mtupu uliobonyea kufuata mchoro wa mbele. Hirizi ya nyanya ina nukta 23 upande mmoja na 21 upande mwingine. Fundi aliyeipiga alikuwa akihesabu kwa jicho. Mtindo huu ulidumu muda mrefu sana, kwa hiyo siupi mwaka. Ila ndicho kipambo pekee ambacho kingeweza kweli kuja na msafara.

Pete ndogo zinazoshikilia vipambo

Watu hupita hapa haraka, na ni makosa. Kila kipambo hutundikwa kwa pete, na pete husagana na mnyororo kila mkono unapotikisika, kama kamba ya kisima inavyokata ukingo wa jiwe. Linganisha kina cha mifuo hiyo. Pete ya hirizi imelika hadi nusu ya unene wake. Ya samaki ina mkwaruzo tu. Vingine vimo katikati, na mpangilio wake unakubaliana na maneno ya nyanya mdogo. Pete yenye rangi tofauti au lehemu ya kijivu, kama bati, ni ya matengenezo ya baadaye. Iandike na uiondoe kwenye hesabu.

Kupima madini bila kuyaharibu

Sumaku kwanza: fedha na dhahabu hazivutwi. Halafu maji, kwa kipambo kilichotengana na mnyororo, kigumu, kisicho na uwazi. Kipime kikavu kwenye mizani inayosoma sehemu za mia za gramu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha kizamishe kipambo kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka. Gramu 5.18 kwa 0.50 ni 10.36, na hiyo ni fedha ya 925. Ukipata 8 na kitu, kuna uwezekano mkubwa ni madini yaliyopakwa. Hirizi usiizamishe kamwe.

Ukienda kwa sonara, mwambie mapema hutaki tindikali wala kukwaruzwa upande wa mbele. Na usiache kitu dukani. Kaa hapo mpaka amalize.

Kama dalili zinaelekea kabla ya 1895, kuna la sheria pia. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo kuwa cha kale, na kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Jambo hili liwafikie ndugu walioko ng'ambo kabla hawajaomba watumiwe.

Kuandika ulichopata

Andika kwa vipindi, na kando ya kila kipindi andika sababu. Kadi yangu inasema hivi:

Mnyororo: wa saa ya mfukoni, Uingereza, ulikatwa baadaye. Kufuli: Birmingham, baada ya 1890, herufi imefutika. Hirizi: kazi ya mkono, bila chapa, ya kwanza kutundikwa kwa ushahidi wa pete. Robo rupia: 1877 hadi 1901, ilitumika sokoni kwanza. Ndururu: si kabla ya 1925 na 1956. Birika: "STERLING", kabla ya 1961, kwa kauli ya nyanya mdogo. Kiatu: hakijulikani. Samaki: baada ya 1961. Bangili ilikamilika miaka ya 1960.

Kadi hiyo iko ndani ya bahasha ya karatasi, na bangili iko katika kitambaa cha pamba juu yake. Usitumie mfuko uliofungwa kwa mpira, kwa sababu mpira una salfa na salfa huisawijisha fedha, tena haraka kwa unyevu huu wetu wa ziwani. Kila miezi michache ninaitoa, naitikisa kidogo, kisha naangalia pete ya hirizi kama bado inashika.